Kivinjari Kilichopata Alama Kumi

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na tisa, jalada la plastiki, na nyuma yake picha ya mwandishi akiwa amevaa miwani ya jua mbele ya gari ambalo, kwa jinsi alivyoliegemea kwa woga, halikuwa lake. Shangazi aliisoma yote akiwa amesimama. Kiti alichokaribishwa kilikuwa na vumbi, na hakuna mtu katika ofisi ile aliyeona haja ya kukipangusa.

Alikuwa inspekta wa polisi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, na hilo jina la Shangazi alibandikwa kituoni. Si kwa mapenzi, tusidanganyane. Walimwita hivyo kwa ile tabia ya mashangazi ya kuingia nyumba ya watu, kutupa jicho kila kona, na kukunja pua kabla hawajaambiwa karibu. Leo pua ilikuwa imekunjika tangu getini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ofisi ilikuwa ya bodi inayotunga mtihani wa wauguzi. Jumatatu, siku mbili kabla ya mtihani, nakala ya karatasi ya pili ilikutwa imesahauliwa kwenye mashine ya kibanda cha fotokopi, maswali yote arobaini, neno kwa neno. Mtihani ukaahirishwa. Bodi ikatafuta mtu wa kubebeshwa zigo, na haikuchukua hata siku moja kumpata: mpiga chapa wake, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Chapa, aliyebakiza miezi minne astaafu. Binti yake alikuwa mmoja wa watahiniwa. Kwao hesabu ikawa imekamilika. Leo Alhamisi, saa sita mchana, kamati ingekaa na kutia saini: mama afukuzwe na apelekwe mahakamani, binti akatwe jina, asifanye mtihani huu wala mwingine wowote maisha yake yote.

Ilikuwa saa tatu na robo. Mama Chapa alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani, na kila aliyepita alijifanya anasoma simu.

"Kwa hiyo," Shangazi alisema, akiifunga ripoti, "umevipa vivinjari alama kama mwalimu wa chekechea."

Aliyeambiwa ni mtaalamu wa kompyuta wa bodi, kijana wa miaka thelathini na mbili anayejiita Bingwa, na wenzake wakamkubalia kwa sababu kubishana naye kulichosha.

"Ni ulinganisho wa kitaalamu," Bingwa alisema. "Mtihani unakaa kwenye mfumo wetu wa mtandaoni, tunauita Hazina. Mlango wa Hazina ni kivinjari, ile programu unayofungulia kurasa. Wenye nenosiri la kuingia ni watatu: mpiga chapa, daktari mhakiki, na mheshimiwa Katibu hapa. Kila mmoja ana kivinjari chake. Nimevipima kwa usalama, kwa sura, na kwa viendelezi, yaani vile vijiprogramu unavyopachika juu ya kivinjari kikuongezee uwezo."

"Kivinjari A, cha mama, usalama mbili kwa kumi. Sura moja. Viendelezi sifuri," Shangazi alisoma.

"Kizee kile. Kijivu, vitufe kama vya rimoti. Ukikitazama unapata usingizi."

"Na mwizi naye anachagua rangi?"

Katibu wa bodi alikohoa nyuma ya meza yake. Alikuwa bwana mkubwa wa tumbo na wa cheo, na meza ilikuwa pana kiasi kwamba kilichokuwa ng'ambo ya pili kilibaki huko mpaka mtu aitwe kukisogeza. "Inspekta, tusibishane na mtaalamu."

"Sibishani naye, mheshimiwa. Ninamsoma." Shangazi alifungua tena. "Ukurasa wa nne unasema wadukuzi waliingia kupitia kivinjari cha mama kwa sababu ni kizee. Ukurasa wa kumi na moja unasema mama aliuchapa mtihani upya kwa mkono wake, kwa sababu nakala iliyokamatwa haina nembo ya bodi pale juu. Lipi?"

"Yote mawili yanawezekana," Bingwa alisema.

"Hayawezekani pamoja. Wadukuzi wakiingia, mama kaibiwa. Akiuchapa upya, kivinjari chake hakina kosa lolote. Chagua moja, ndugu yangu, nina mpaka saa sita."

Bingwa alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama wanavyofanya watu waliozoea kuongea na wasioelewa. "Mimi nimelinganisha tu. Uamuzi ni wa wakubwa."

"Na daftari la Hazina? Lile linaloandika nani kaingia na saa ngapi?"

"Lilifutika Jumatatu. Nilikuwa nafanya maboresho."

"Jumatatu hiyo hiyo."

"Sadfa."

"Sadfa zinakupenda wewe," Shangazi alisema, akatoka kwenda kumwita mama.

* * *

Chumba cha Mama Chapa kilikuwa kidogo, na ndicho peke yake katika jengo lile kilichofagiwa siku hiyo. Aliyekifagia ni yeye mwenyewe, asubuhi ile ile aliyojua ni ya kufukuzwa. Meza, kompyuta, kabati la chuma, rula, na kitambaa cha kufunikia kibodi. Bingwa alijileta bila kuitwa, akaegemea mlango.

"Binti yako uliwahi kumwonyesha karatasi hii?" Shangazi aliuliza.

"Hapana."

"Hata swali moja?"

"Mwanangu anasoma kwa taa ya simu mpaka macho yanamtoka," Mama Chapa alisema. "Ningetaka kumwonyesha, ningemwonea huruma zamani. Miaka thelathini na moja nachapa mitihani ya watu, Inspekta. Nimewachapia mpaka waliokuja kunidunga sindano."

"Hilo si jibu, ni hotuba."

"Basi jibu ni hapana."

Bingwa aliingia, akainua kibodi kama mchawi anayetoa sungura kofiani. Chini yake palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua. Nenosiri, limeandikwa kwa wino wa bluu, herufi kubwa safi.

"Haya," alisema. "Usalama huo. Hata mfagiaji angeingia Hazina."

Shangazi alimtazama mama, na safari hii dharau yake haikumbagua mtu. Miaka thelathini na moja, na bado mtu anaweka ufunguo chini ya zulia. Alihisi kesi ikimponyoka, akachukia.

"Ni lako?"

"Ni langu."

"Mama, una akili wewe?"

"Ni la mwaka jana," Mama Chapa alisema, bila kuharakisha. "Hazina inatulazimisha kubadilisha kila mwezi. Hilo lilishakufa."

"Kwa nini hukulitupa?"

"Kibodi kina mguu mmoja uliovunjika. Kikaratasi kinakizuia kuyumba. Niliomba kingine kwa maandishi, mara nne, nikaambiwa niweke chochote chini yake."

Shangazi alivuta kiti, akakaa, akaandika lile nenosiri mwenyewe kwa vidole vyake vigumu, herufi moja moja. Hazina ikamkatalia. Akarudia. Ikamkatalia tena, kwa maandishi mekundu. Akaketi vizuri.

"Na hiki kivinjari chako, kwa nini hukubadilisha? Inasemekana uliletewa kipya ukakikataa."

"Kile kipya kiliniuliza kama nataka kinikumbukie nenosiri," Mama Chapa alisema. "Nikajiuliza, wewe nani mpaka unikumbukie mambo yangu? Hiki changu hakikumbuki kitu. Kila asubuhi kinaniuliza jina kama hakijawahi kuniona. Nimekizoea."

Bingwa alicheka kwa pua. Shangazi hakucheka. Alitoa kwenye mkoba wake nakala iliyokamatwa, ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani.

"Itazame kama mpiga chapa. Usiitazame kama mshtakiwa."

Mama Chapa alivaa miwani. Alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, huku midomo ikicheza. Alipofika ukurasa wa tatu alisimama, na uso ukamwiva kwa aibu.

"Swali la ishirini na mbili," alisema. "Majibu yake ni a, b, c, halafu c tena. Inatakiwa d. Ni kosa langu. Niliona Ijumaa jioni baada ya kuingiza, na Hazina ilishazuia marekebisho. Sikulala siku ile."

"Na humu limo?"

"Limo. Kama ningechapa upya, Inspekta, wallahi ningelisahihisha. Siwezi kuchapa kosa nililoliona. Mkono unakataa."

Hapo Shangazi alichukua rula. Kichwani mwa ukurasa wa kwanza, juu ya maneno ya kwanza, palikuwa na nafasi tupu. Aliipima. Sentimita nne na nusu. Kisha akamwomba mama karatasi yoyote yenye nembo ya bodi, akaipima nembo. Sentimita nne na nusu.

"Anayechapa mtihani wa kuiba hana muda wa kuacha nafasi ya nembo asiyoiweka," alisema, akimwangalia Bingwa. "Hii haikuchapwa upya. Hii imetolewa kwenye printa moja kwa moja kutoka Hazina, na kuna kitu kimeila nembo njiani."

Bingwa alisema huenda ni wino. Shangazi alimuuliza ni wino gani unaochagua picha ukaacha maandishi, na Bingwa akakumbuka ana kazi mahali.

"Kazi yako iko hapa," Shangazi alimwambia. "Twende tukalinganishe vivinjari. Si ndiyo fani yako?"

* * *

Upelelezi mwingi ni wa kuchosha, na anayekwambia vinginevyo amejifunza kwenye sinema. Shangazi alitaka kitu kimoja tu: ukurasa wa kwanza wa karatasi ya pili, utolewe kutoka kila kivinjari, kwa printa moja, karatasi za bunda moja. Printa ilikuwa koridoni, kubwa kama jeneza, na ilipiga kelele kabla ya kila ukurasa kana kwamba inaonewa.

Mama Chapa alianza. Aliandika jina, akaandika nenosiri, akasubiri. Kivinjari A, kijivu, kizito, kisicho na pambo hata moja, kilifungua ukurasa kama mzee anayefungua mlango. Printa ikalia. Nembo ilikuwepo juu, imekamilika. Shangazi aliandika nyuma ya karatasi: A, saa nne na dakika tano, nembo ipo.

Wa pili alikuwa daktari mhakiki, mzee mkavu aliyekuja na koti lake jeupe moja kwa moja kutoka wodini, na aliyeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Kivinjari B kilikuwa kitupu kabisa.

"Huna kiendelezi chochote, daktari?"

"Cha nini?"

"Ripoti imekupa sifuri."

"Sawa," daktari alisema, akaminya kitufe cha kuchapisha. Nembo ilikuwepo. Akarudi wodini bila kuaga.

Akabaki Katibu. Alipoambiwa wanahitaji kompyuta yake, alivimba kidogo. "Mimi? Inspekta, mimi sijawahi kuchapisha karatasi tangu nipate cheo hiki. Hiyo ni kazi ya makarani. Sijui hata kitufe kiko wapi."

"Ninakuamini, mheshimiwa," Shangazi alisema, na alimaanisha. "Sogea kidogo."

Hicho sasa ndicho kilikuwa Kivinjari C, chenye alama tisa za usalama, tisa za sura na kumi za viendelezi. Kilikuwa na mandhari ya zambarau yenye nyota zinazotembea. Kilikuwa na saa ya mapambo, hali ya hewa ya miji mitano, na safu ya vialama pale juu iliyojipanga kama medali kifuani mwa mwanajeshi wa gwaride. Shangazi alitazama yale yote kwa sekunde kadhaa.

"Nani alikuwekea mapambo haya?"

"Bingwa," Katibu alisema kwa fahari. "Ofisi ya Katibu lazima ionekane."

"Hebu fungua Hazina."

Katibu alibonyeza mara moja. Hazina ikafunguka yenyewe. Hakuandika jina, hakuandika nenosiri.

"Huulizwi kitu?"

"Kivinjari kinanikumbukia. Ndiyo maana ya teknolojia, Inspekta."

Shangazi alitafuta kitufe, akachapisha. Kule koridoni printa ikalia. Mama Chapa, aliyekuwa amerudi benchini kwake, aliinuka, akaichukua karatasi, akaitazama, na akaileta kwa mikono miwili. Juu palikuwa na nafasi tupu. Sentimita nne na nusu.

Katibu alikodoa macho. "Maana yake nini?"

"Maana yake nakala iliyokamatwa ilitoka kwenye kivinjari hiki hiki."

"Mimi?" Sasa cheo chote kilimtoka usoni. "Mimi Jumapili nilikuwa harusini kwa mpwa wangu! Meza ya mbele! Watu mia tatu wameniona!"

"Sijasema wewe. Sijasema Jumapili pia. Kwa nini Jumapili?"

"Kwa sababu Ijumaa jioni ndiyo mtihani uliingizwa, Jumamosi nilikuwa na daktari mhakiki hapa tunaupitisha, na Jumatatu asubuhi umekutwa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Hata watu wa aina hii, ukiwatisha vya kutosha, hufikiri. Akamgeukia Bingwa, ambaye alikuwa anasoma ratiba ya vikao ukutani kwa makini yasiyo ya kawaida.

"Bingwa. Nini kimeila nembo?"

"Inawezekana kuwa mgongano wa..."

"Kwa Kiswahili."

"Fagio," Bingwa alisema. "Kile kiendelezi chenye alama ya ufagio. Kinafagia matangazo. Mheshimiwa huwa anaangalia mieleka wakati wa mapumziko, na matangazo yalikuwa yanamkera."

"Mapumziko tu," Katibu aliongeza haraka.

"Na nembo ni tangazo?"

"Fagio halijui nembo. Likiona picha pana kichwani mwa ukurasa, linaihesabu tangazo, linaiondoa, nafasi inabaki tupu." Kwa sekunde moja fahari ilimzidi hofu. "Ni kiendelezi kizuri sana. Ndiyo maana nilikipa kumi."

"Nimeona. Ukurasa wa kumi na sita, umekisifu aya mbili nzima." Shangazi aliinama karibu na skrini. Pembeni kabisa, juu kulia, palikuwa na duara dogo lenye picha ya mtu. Miwani ya jua. Gari lisilo lake. "Mheshimiwa Katibu, huyu ni nani?"

Katibu alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Huyo? Mimi nilidhani ndiyo nembo ya kivinjari."

"Miaka mingapi umedhani hivyo?"

"Miwili."

Shangazi alifumba macho, akayafumbua. Alikuwa amekutana na wezi wa kila aina, na alikuwa na heshima fulani kwa baadhi yao. Lakini mtu anayekaa miaka miwili akitazamana na sura ya mtaalamu wake akidhani ni nembo ya kiwanda, huyo hakujua amwiteje. Alimgeukia Bingwa.

"Umemfungulia Katibu kivinjari kwa akaunti yako."

"Ndivyo tunavyofanya hapa," Bingwa alisema. "Wakubwa hawataki usumbufu. Ukiwaambia wafungue akaunti wanakwambia fanya wewe. Basi naingiza yangu, kazi inakwenda. Wote wanajua."

"Sijui mimi," Katibu alisema.

"Na akaunti moja ikifunguliwa sehemu mbili," Shangazi aliendelea, "kinachokumbukwa huku kinakumbukwa na kule, na viendelezi vyake vinafuata. Katibu akiandika nenosiri lake hapa, linakungoja kwenye laptopu yako nyumbani. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa kumi na tatu, ukakiita 'urahisi usio na kifani', ukakiongezea alama. Umepima kufuli tatu, Bingwa, na mfukoni una ufunguo."

"Hilo halithibitishi kitu. Historia ya kivinjari iko safi. Angalia."

Alisema haraka mno. Shangazi aliangalia. Historia ilikuwa safi kweli; ilianzia Jumatatu saa nne asubuhi, kana kwamba kabla ya hapo dunia haikuwepo. Alitikisa kichwa taratibu, kisha akapeleka mshale kwenye kile kifagio kidogo, akakibonyeza.

Sasa, Fagio lilikuwa na tabia ya watu wengi wa ofisi ile: lilipenda kuhesabiwa kazi yake. Lilifungua lenyewe ukurasa wake, wenye maandishi ya kijani, likajitangaza. Tangu lipachikwe, limefagia matangazo elfu arobaini na moja. Chini yake orodha: siku, saa, ukurasa, kifaa. Mieleka, ofisini. Mieleka, ofisini. Mieleka, ofisini. Shangazi alishuka na orodha mpaka Jumapili.

"Soma, mheshimiwa. Kwa sauti."

Katibu alisoma, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyoendelea. "Jumapili, saa tisa na dakika kumi alasiri. Hazina, karatasi ya pili. Tangazo moja limefagiwa. Kifaa... Laptopu ya Bingwa."

Nje, printa iliguna peke yake.

"Ungefuta na hili," Shangazi alisema. "Lakini hukujua linaandika. Umelipa kumi kwa kumi bila kulifungua ndani hata siku moja."

* * *

Wajumbe wawili wa kamati walishafika, wamekaa kwenye sofa chumba cha pili, mlango wazi, masikio nje. Ilikuwa saa tano na nusu. Shangazi aliomba orodha ya watahiniwa, ile ndefu yenye safu ya namba ya simu ya ndugu wa karibu, na akamwomba Bingwa amtajie namba yake, aone kama imo. Bingwa alisema ameisahau.

"Basi nitasoma zote mia nne kumi na mbili, nikipiga moja baada ya nyingine, mpaka mfuko wako ulie."

Bingwa alikaa. Kwenye kile kile kiti chenye vumbi.

"Shemeji yangu," alisema. "Mdogo wake mke wangu. Ameshafeli mara mbili. Kwa wakwe zangu mimi si kitu, mnajua? Kila nikienda naambiwa wewe na kompyuta zako, unatusaidia nini. Mke wangu akasema, si uko bodi, au unapangusa vioo tu? Nikatoa nakala moja. Moja tu. Nilimwambia aisome aichane. Akaenda kumtolea rafiki yake fotokopi, akasahau nakala yangu kwenye mashine."

"Na mama?"

"Mama yupi?"

"Aliyekaa benchini."

Bingwa aliinua mabega. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililomchefua Shangazi kuliko yote. "Yule mama amebakiza miezi minne. Angeondoka tu. Mimi ndiyo kwanza naanza maisha."

Shangazi alikuwa na maneno mengi. Aliyapima, akaona hayastahili kupotezwa kwa mtu wa namna ile. Alimfunga pingu bila kumwangalia, akamkabidhi kwa konstebo getini, akarudi juu.

Katibu alishapata pumzi yake na sehemu ya cheo. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, Mama Chapa mbele yake na mkoba wake, wajumbe nyuma.

"Basi, mama," alikuwa anasema, "mambo yamekwisha salama. Rudi mezani kwako. Ya kale tuyaache. Na binti jina lake litarudishwa, nitaagiza."

"Barua ya kumfukuza naihitaji," Shangazi alisema. "Kama kielelezo."

Katibu alitoa bahasha kwenye droo kwa kusitasita. Barua zilikuwa mbili, moja ya mama, moja ya binti. Shangazi alizisoma. Maneno yalikuwa mazito na ya kikatili: wizi, usaliti, aibu kwa taaluma. Lakini uchapaji ulikuwa safi, pambizo zimenyooka, hakuna kosa hata la nukta.

"Nani alichapa hizi?"

Mjumbe mmoja aliangalia viatu vyake.

"Nauliza kwa sababu humu ndani mpiga chapa ni mmoja."

"Nilichapa mimi," Mama Chapa alisema. "Jana saa kumi. Mheshimiwa alinisomea kwa simu. Yangu kwanza, halafu ya mwanangu."

Shangazi alikuwa amekuja na dharau ya kila siku, ile ya kazi, anayoivaa asubuhi na kuivua jioni. Hii ilikuwa nyingine. Aliwatazama mmoja mmoja, Katibu na wajumbe wake, na alitamani awe na pingu za kutosha.

"Haikuwa kwa ubaya," Katibu alisema. "Hakukuwa na mwingine wa kuchapa. Basi, mama, tuchapie nyingine fupi, ya kufuta hizo, nitie saini tumalize."

Mama Chapa alitembea mpaka chumbani kwake, wote wakimfuata kwa sababu hawakujua la kufanya. Alitoa kitambaa juu ya kibodi, akakikunja, akavuta kiti nyuma. Hakukaa.

"Kaa wewe," alimwambia Katibu. "Leo nasoma mimi."

Katibu alicheka, akawageukia wajumbe wacheke naye. Hawakucheka. Akamgeukia Shangazi, ambaye alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, amejaza njia yote. Akakaa.

"Anza na tarehe," Mama Chapa alisema. "Halafu jina la mwanangu, kamili, majina yote matatu. Halafu andika: nilimsingizia."

Katibu aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu aliyedondosha sindano. Kila baada ya maneno mawili mama alimgonga bega. "Kosa. Futa. Rudia." Wafanyakazi wa vyumba vingine walianza kujaa koridoni, na hakuna aliyejifanya anasoma simu. Saa sita ikapita. Ilipofika saa sita na dakika ishirini walikuwa mstari wa tatu, na shati la mheshimiwa lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "nisamehe."

"Hilo bado," Mama Chapa alisema. "Liko mstari wa nne."